Risiti Haitakasi Mali ya Wizi



Leo nina jambo la kukiri, halafu nina ugomvi. Nianze na la kukiri. Mimi niliyezoea kuwasema wanaouza nchi yetu, miezi michache iliyopita nilikaribia kuwa dalali wao. Sikutaka kuuza mgodi wala kitalu cha uwindaji. Nilitaka kuuza msahafu mmoja ulioandikwa kwa mkono, wa ukoo wetu, na mteja nilikwenda kumtafuta mwenyewe kwa miguu yangu, katikati ya London, siku yangu ya mapumziko.

Ilikuwa hivi. Mjomba wangu wa Pangani alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akauliza habari za baridi, za watoto, za kazi. Mtu mzima akizunguka hivyo ujue ana neno. Neno lenyewe lilikuwa nyonga yake. Hospitali ilikuwa imemtajia shilingi milioni tisa, na yeye hana hata moja. Ndipo akasema, "Mwanangu, ule msahafu wa babu yenu upo. Mimi siuzi maneno ya Mungu. Nataka apewe mtu anayejua kuutunza, naye atoe chochote."

Binamu yangu akanitumia picha kwenye simu. Wino mweusi na mwekundu, karatasi nene zilizogeuka rangi ya chai, jalada la ngozi lililoliwa pembeni. Wazee wetu husimulia kwamba uliandikwa Siyu, kisiwani Pate, mji uliosifika kwa waandishi wa misahafu, ukaja Pangani kwa jahazi pamoja na bibi harusi. Karatasi ya kuthibitisha hayo hatuna. Naomba mlishike neno hilo, karatasi, kwa sababu ugomvi wangu wote uko hapo.

Nikaenda kwenye duka moja la vitu vya kale. Jina lake nalihifadhi. Yule bwana aliziangalia picha, akavaa miwani, akaziangalia tena. Akauliza msahafu uko wapi. Nikamwambia Pangani, Tanzania. Akauliza kama nina kibali cha kuutoa. Nikamwambia sina. Hakunifukuza! Aliniambia kwa upole, kama mwalimu anayemwelekeza mtoto mzito, kwamba ingekuwa afadhali kama msahafu ungekuwa umeshafika Uingereza zamani. Je, hatukuwa na mzee aliyehamia huku kabla ya mwaka 1970? Huyo angeweza kuja nao kwenye sanduku lake. Niandike barua fupi ya kueleza hivyo, nitie sahihi, mengine wao watayamaliza.

Ndugu zangu, babu yangu hakuwahi kuvuka hata Mombasa. Nilitakiwa nimfufue marehemu, nimpandishe meli, nimkabidhi sanduku, nimtelemshe Southampton, ili msahafu wake upate mnunuzi. Na nakiri mbele yenu kwamba pale dukani sikusema hapana. Nilisema nitafikiri.

Kutoka duka lile hadi British Museum ni mwendo mfupi. Nikaingia, kwa kuwa kuingia ni bure na nje kulikuwa na mvua. Humo ndimo kinamowekwa kitu ambacho nataka tukizungumze leo, maana kinaeleza yaliyonikuta kuliko ninavyoweza kueleza mimi.

Kapteni na kishikizo chake

Makumbusho hayo yana gombo la hariri kutoka China lenye umri wa zaidi ya miaka 1,200. Linaitwa gombo la Maonyo, kwa kuwa picha zake zinafuata maandishi ya Zhang Hua ya mwaka 292 yaliyowaonya mabibi wa ikulu kuhusu mwenendo wao. Wachina wanalihusisha na mchoraji wao mkubwa wa kale, Gu Kaizhi, ingawa wataalamu wengi wanaona kwamba hili ni nakala iliyochorwa baada yake. Lilikuwa mali ya wafalme. Mfalme Qianlong, aliyetawala karne ya 18, alilipenda hata akalipiga mihuri yake na kuandika juu yake kwa mkono wake. Siku niliyokwenda mimi halikuwa limetandazwa. Hariri haipendi mwanga, hivyo huonyeshwa kwa wiki chache tu kwa mwaka.

Lilifikaje London? Mwaka 1900 majeshi ya mataifa manane yaliingia Beijing kuzima maasi ya Mabondia. Ndani yake kulikuwa na askari wapanda farasi wa Bengal, na miongoni mwa maofisa wao alikuwamo Kapteni Clarence Johnson. Miaka michache baadaye akatokea British Museum akiwa na gombo. Inasemwa hakujua hata alichokibeba. Alitaka kujua thamani ya kishikizo cha jiwe la jade kilichofungia gombo hilo. Wenye macho wakaona hariri. Mwaka 1903 wakamlipa PAUNI 25, wakalichukua.

Alilipataje? Ukoo wake ulisimulia kwamba bibi mmoja wa Kichina alimpa zawadi kwa kuwa alimwokoa wakati wa vurugu. Labda. Sikuwapo, nanyi hamkuwapo. Ila jiulizeni: mama anayekimbiza roho yake, katika mji unaoporwa na majeshi manane, alitoa wapi mali ya mfalme, na akapata wapi nafasi ya kumzawadia afisa wa jeshi lililouteka mji wake? Niliposoma kisa hicho nilikitambua mara moja. Ni ile barua niliyoombwa kuiandika dukani! Kapteni alikuwa na bibi wa Kichina, mimi nilikuwa na babu wa Pangani mwenye sanduku.

Kwanza unapora, halafu unanadi

Msidhani nalisema hili kwa kumchukia Kapteni Johnson. Yeye ni mtu mmoja. Nazungumzia utaratibu, na utaratibu huo unajirudia.

Mwaka 1860 Waingereza na Wafaransa waliingia jumba la kiangazi la wafalme wa China, Yuanmingyuan, nje ya Beijing. Wakapora, halafu Lord Elgin akaamuru lichomwe moto. Huyu ni mtoto wa yule Elgin aliyebeba mawe ya Parthenon kutoka Athens. Baada ya kupora, Waingereza wakafanya nini? Wakafanya mnada kambini, mapato yakagawanywa kwa maofisa na askari.

Mwaka 1868 wakaja kwetu Afrika Mashariki, ngome ya Maqdala, Ethiopia. Mfalme Tewodros alijiua asitekwe. Mali yake na ya kanisa ilihitaji tembo 15 na nyumbu karibu 200 kuibeba. Kisha? Mnada wa siku mbili uwandani Dalanta, na mjumbe wa British Museum akiwa miongoni mwa wanunuzi. Takriban hati 350 za Kiethiopia zilizotoka huko zimo leo katika British Library, hapa hapa London.

Mwaka 1900, Beijing tena. Ubalozi wa Uingereza wenyewe ukaendesha minada ya mali ya uporaji.

Mara tatu, na mara zote tatu mnada upo! Kwa nini jeshi lenye bunduki lihangaike na nyundo ya dalali? Kwa sababu bunduki inakupa kitu, lakini haikupi risiti. Mnada ndio unaokupa risiti. Aliyenunua mnadani atasema mbele ya watu, "Mimi sikupora, nilinunua." Atakayenunua kwake atasema hivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi, na wa tatu ataweka kitu hicho kwenye kabati la kioo, aandike pembeni "kilinunuliwa mwaka 1903". Hapo wizi umeshafuliwa na kupigwa pasi.

Sheria nayo inasaidia. Hapa Uingereza, kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1980, mali iliyoibwa ikinunuliwa na mtu mwenye nia njema, mwenyewe akikaa miaka sita bila kufungua kesi, haki yake imekwisha. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaozuia biashara haramu ya mali za urithi haurudi nyuma kugusa yaliyofanyika kabla yake. Tanzania iliingia mwaka 1977, Uingereza mwaka 2002. Sasa mmeelewa kwa nini yule bwana alitaka babu yangu awe amehama kabla ya 1970? Soko limeugeuza mwaka huo kuwa mlango. Kitu chenye hadithi ya kabla ya hapo kinapita, kisicho na hadithi kinatungiwa.

"Lakini wao wanatunza vizuri"

Najua majibu yenu, maana nimeyasikia vijiweni, misibani na kwenye sherehe zetu za Krismasi na Idi. La kwanza ni hili: kingebaki kwetu kingeliwa na mchwa, afadhali kiko kwa Mzungu, anajua kutunza.

Tusidanganyane. Gombo lile lile la hariri, katika muongo wa 1910, watunzaji wa London walilitenganisha vipande na kulibandika kwenye mbao, jambo ambalo China haikulifanya kwa zaidi ya miaka elfu. Hariri ikapata nyufa. Na mwezi Agosti 2023, British Museum hiyo hiyo ilitangaza kwamba vitu vyake vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa. Hesabu ikafika takriban 2,000, vingine vikauzwa kwenye intaneti. Mkurugenzi akajiuzulu. Na wizi ule uliwezekanaje miaka yote bila kushtukiwa? Vingi havikuwa vimeorodheshwa kikamilifu. Vilikuwa stoo bila picha, bila namba. Kwa ufupi, walikosa kile kile tunachokosa sisi Pangani: karatasi.

Simshangilii mtu aliyeibiwa. Nasema tu kwamba utunzaji haumo kwenye rangi ya ngozi. Ni daftari, ufunguo na mshahara wa mtunzaji.

Jibu la pili: sheria haiwaruhusu. Kweli, Sheria ya British Museum ya mwaka 1963 inawabana wadhamini wasitoe mali. Lakini sheria si Msahafu wala Biblia. Mwaka 2004 bunge lao lilitunga sheria iliyoruhusu makumbusho kurudisha mabaki ya binadamu. Mwaka 2009 likatunga nyingine, iliyoruhusu kurudisha mali zilizoporwa wakati wa utawala wa Wanazi, na lilifanya haki. Walipotaka, waliweza. Basi waseme tu kwamba kwa Wapokomo wa Mto Tana bado hawajataka. Ngadji, ngoma yao takatifu, ilichukuliwa mwaka 1902, na iko stoo British Museum hadi leo. Hata kwenye kabati la kioo haimo! Ngoma ya kuita watu imefungiwa gizani ng'ambo ya bahari.

Jibu la tatu: unawatetea Wachina kwa faida gani? Wao wana nguvu, watajitetea. Sawa kabisa, na hapo ndipo tofauti ilipo. Mwaka 2009 sanamu mbili za shaba za Yuanmingyuan, kichwa cha panya na cha sungura, zilipopigwa mnada Paris, Mchina mmoja alishinda mnada halafu akakataa kulipa, kwa maelezo kwamba mali ya wizi hailipiwi. Mwaka 2013 tajiri wa Kifaransa akazirudisha China bure. China inaweza kununua, inaweza kugoma, inaweza kununa dunia nzima ikasikia. Pangani ikinuna nani atajua? Anayetegemea fedha au ubabe ana njia zake. Sisi tusio navyo, silaha yetu ni ushahidi.

Na ushahidi hufanya kazi. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kilikutwa katika makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, kikarudi mwaka 2010. Ilichukua miaka 26, lakini kilirudi kwa kuwa ilijulikana kilikuwa chetu. Kule Kenya, mtafiti mmoja alimpiga picha mzee wa Kimijikenda na vigango vya ukoo wake mwaka 1985. Vikaibwa. Miaka mingi baadaye vikaonekana katika makumbusho mawili ya Marekani, na picha ile ile ndiyo iliyovirudisha nyumbani. Hata "chenji ya rada" tusiisahau. Mwaka 2010, hapa London, BAE walikiri kosa mahakamani. Kosa gani? Kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu. Pauni milioni 29.5 zikalipwa kwa ajili ya watu wa Tanzania, vitabu na madawati vikanunuliwa. Daftari linauma, ndugu zangu.

Na sisi je?

Sasa nageuka nyumbani, na hapa wengine mtanichukia.

Nani aliviiba vigango? Hakuwa Kapteni Johnson. Vijana wa hapo hapo walivichomoa usiku, wakawauzia madalali, nao wakawauzia watalii. Nani anang'oa milango ya kuchonga ya majumba ya zamani, wakati Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda ile ya kabla ya 1940? Nendeni Kunduchi, kwenye makaburi ya nguzo. Wazee wetu waliyapamba kwa mabakuli ya China, ushahidi kwamba tulifanya biashara na Wachina na kupelekeana zawadi. Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpelekea mfalme wao twiga. Hizo ndizo mali za China zilizofika kwetu kwa heshima, tukazipachika kwenye makaburi ya wapendwa wetu. Leo mengi yamebanduliwa, mmebaki vishimo.

Anayenunua London hawezi kununua bila anayeuza Bongo, na mara nyingi katikati yao yuko mmoja wetu: mbeba maboksi anayejua Kiingereza, mwenye simu, mwenye njaa kidogo. Mtu kama mimi.

Mtaniuliza: ni mali ya mjomba wako, mgonjwa, wewe nani umzuie? Swali hili ndilo gumu, na sitalikwepa. Mwenye nyonga nzima asimhubirie mwenye nyonga mbovu habari za urithi wa taifa. Ukitaka mzee asiuze, peleka mkono mfukoni. Kwa hiyo siku ile jioni nilimpigia dada yangu Leicester na kaka yetu Muscat. Tukagombana kidogo kama kawaida, tukachanga. Mimi niliongeza zamu za usiku kwa miezi minne. Mjomba akafanyiwa upasuaji. Sikuandika barua ya babu na sanduku.

Halafu nikampigia mjomba kumwomba ruhusa ya jambo moja: mjukuu wake aupige picha msahafu, ukurasa kwa ukurasa. Ilichukua siku tatu. Mjomba naye akasimulia alichokisikia kwa wazee wake, kijana akarekodi: nani alikuja na jahazi, nani alirithi, nani alitia ngozi mpya. Nakala tumeziweka mahali panne, katika nchi nne. Sasa karatasi tunayo. Akitokea mtu na msahafu huo London akisema ulikuja kwenye sanduku kabla ya 1970, tutamwuliza mbona mwaka huu ulikuwa mezani kwa mjomba, na picha hii hapa.

Ninachoomba

Kwanza, ndugu zangu wa ughaibuni, tusiandike barua hizo. Hata kama dalali ni mpole, hata kama kamisheni ni nono. Sahihi yako ndiyo nyundo ya mnada.

Pili, kila mwenye wazee nyumbani aulize kilichomo sandukuni, akipige picha, arekodi maneno. Ni kazi ya simu moja na wikiendi moja. Wazee wanaondoka.

Tatu, serikali zetu. Mtunzaji wa makumbusho wa mkoani hana mafuta ya pikipiki ya kumfikia mjomba wangu, achilia mbali fungu la kumsaidia mzee kama yule asiuze. Magari ya wakubwa yanapata mafuta. Mnadai urithi ulioko Ulaya huku ule ulioko Pangani hamjaufungulia hata daftari! Dai lenu litasikilizwa na nani?

Nne, wenyeji wetu wa London. Hatudai mfunge makumbusho yenu. Tunadai muandike ukweli kwenye kibandiko: badala ya "kilinunuliwa mwaka 1903", mwandike kilitokaje kule kabla ya kununuliwa. Mkishaandika hivyo kwa unyoofu, mjadala wa kurudisha utakuwa mfupi.

Wiki iliyopita binamu yangu kanipigia. Kuna mtu kampata kwa simu, sijui namba kaipata wapi, anataka ule msahafu, na kataja bei kubwa kuliko ya nyonga mbili. Binamu ana watoto watatu wanaosoma. Hakuniambia kwamba amekataa. Alinyamaza, nami nikanyamaza. Kisha akasema atamuuliza mzee.

Mzee bado yupo na anasema hapana. Lakini mzee ana miaka 78.

Naomba kuwasilisha.

Mbeba Maboksi,
London Mashariki